Nyekundu ya Anisia

Miaka mitatu Anisia alimbeba Zipora rohoni kama jiwe la kusagia, na hakuwa na mpango wa kulitua. Wote wawili walikuwa wapiga taipu katika ofisi ya pamba pale Shinyanga, na Zipora alikuwa amemwibia.

Kompyuta ilipoletwa, mwaka themanini na tano, meneja Donatus alitaka karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili. Atakayeitumia ni mzee Bujiku wa stoo, umri wa baba yake Anisia. Utamwandikiaje mzee "Andika! Futa! Toka!" kama unafukuza mbuzi shambani? Anisia akatia tafadhali kila mstari. Bujiku naye, mtu wa adabu, akaiingiza yote kwenye mashine, pamoja na tafadhali zake. Mashine ikagoma.

Basi Anisia akatumia utepe wa taipureta wa rangi mbili. Maneno ya kumweleza mzee akayapiga kwa nyeusi, na heshima zake zote. Amri yenyewe akaipiga nyekundu.

"Nyeusi ni yako, baba. Nyekundu ni ya mashine. Wewe hutumwi, unatuma."

"Wabeja, mayo," Bujiku akashukuru kwa Kisukuma, akicheka. "Leo na mimi nina wa kumtuma!"

Anisia akaenda msibani Samuye. Kurudi, anakuta Zipora kashapokea sifa za karatasi ile, kafanywa mkuu wa wapiga taipu. Anisia akasema mara moja tu kwamba kazi ni yake, akaitwa mwenye wivu. Bujiku alijua, ila nani anamuuliza mtu wa stoo? Na Anisia hakuwa mtu wa kwenda kuomba shahidi.

Halafu, mwaka wa tatu, zikaja kazi mpya za kompyuta. Zipora akaagizwa karatasi nyingine. Kwa kutaka ipendeze, akaipiga yote nyekundu.

Bujiku akaingia nayo kwa meneja, mlango wazi.

"Bosi, huyu mtoto ananifokea ukurasa mzima. Mimi ndiye mashine?"

"Si ndiye aliyekupigia ile ya kwanza?"

"Huyu? Ile ni ya Anisia! Alinionyesha kwa kidole chake mwenyewe."

Donatus akatoka hadi kwa wapiga taipu. "Zipora, nyekundu ni ya nini?"

"Ni... ya kupendezesha, bosi."

Mtu akapasuka kicheko nyuma ya makabati.

"Nani aliyeianzisha?"

"Anisia."

"Sema wasikie."

"Dada Anisia!"

Ofisi nzima ikamgeukia. Anisia akanyoosha mgongo, akawaacha wamtazame mpaka watosheke.

Zipora akamsogelea. "Dada, nisamehe."

"Utepe wangu umekwisha," Anisia akamjibu. "Kalete mwingine."

Na mkuu wa wapiga taipu akaenda.