Kidonda Chenye Siku ya Wageni

Jua halijachomoza vizuri, lakini sufuria ya Rafaeli, dresa anayeosha na kufunga vidonda, inatokota nje ya zahanati ya Nyangamara. Si uji, ni bendeji za jana zinachemshwa. Kwenye gogo la wagonjwa, wa kwanza kama kawaida yake ni Bi Kijakazi.

Kabla ya kiangazi cha mwaka huu wa 1953, jembe lilimkata kwenye muundi. Jeraha likageuka donda ndugu, likachimba karibu na mfupa. Daktari aliyepita kutoka Lindi akasema wazi: akirudi akute halijafunga, mguu utakatwa. Bi Kijakazi ni mjane, analima peke yake. Bila mguu, basi tena.

Rafaeli aliliosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akalifunga vizuri. Kesho yake bendeji ikarudi imelegea, imejaa vumbi. Akafunga upya. Yakawa yaleyale. Akanuna, akidhani mama wa watu anajikuna usingizini.

Kumbe wapi! Siku aliyomfuata nyumbani, alikuta baraza limejaa. Kila aliyekuja kutoa pole alitaka kujionea, na mwenyeji akamfungulia kila mmoja.

"Mwanangu, mtu katembea toka alfajiri kuja kunipa pole, nimnyime kuona? Atasema nina kiburi," alimweleza.

Leo Rafaeli anacheka akisimulia. Siku ile hakucheka. Kuwafukuza wageni kungemwaibisha mama huyo, na kuwaacha kungemkosesha mguu. Akatangaza kwamba donda litapokea wageni siku ya Ijumaa tu, baada ya sala, papa hapa zahanatini, na atakayelifungua ni yeye.

Watu walifurika. Mwanzoni waliziba pua. Baadaye wakawa wanabishana limepungua kiasi gani, na Mastura, jirani wa Bi Kijakazi, hodari wa kupaka vidonda majivu, akamleta mwanawe aoshwe.

Leo ni Ijumaa, sasa sala imekwisha, na daktari anatarajiwa wiki ijayo. Rafaeli anafungua bendeji taratibu, watu wamenyoosha shingo. Inadondoka. Chini yake ni ngozi changa, laini, imefunga kote.

Bi Kijakazi anaigusa kwa kidole, anaanza kulia, wala haoni haya.

Rafaeli naye anafuta macho kwa mkono wa shati. Anasema akipata mbao atatengeneza benchi refu, la watazamaji.

"Mvua zikianza nakwenda kupanda mtama," anasema Bi Kijakazi, akiwageukia wageni wake. "Anayetaka tena kuuona mguu huu, aje shambani. Na jembe lake."