Mwalimu Hataki Swichi ya Sebuleni

Kuna watu wakistaafu hununua kuku. Mwalimu, aliyefundisha udereva mpaka goti la kushoto likaanza kulalamika kila akikanyaga klachi, alinunua gari alilokuwa akifundishia. Lilikuwa kuukuu hata siku hiyo: boneti ndefu, usukani mpana kama sinia, na swichi ya taa ya kuvuta, kifundo cheusi kilichochomoza kwenye dashibodi. Uzee wa gari haukumsumbua. Alisema hata yeye ni mzee na hakuna anayemtafutia mnunuzi.

Gari, hata hivyo, lilikuwa limeshatafutiwa. Kifungua mimba wake, mtu mpole anayechomekea shati hata akiwa nyumbani, alikuwa amezungumza na mwenye lori la vyuma chakavu. Hofu yake ilikuwa ya kweli: mama yake amepita sabini, na taa za mbele za chombo chake sasa zinawaka kama ncha ya sigara. Wakapatana. Gari likipita ukaguzi, mwana atanyamaza maisha. Lisipopita, lori litalibeba pale pale kwenye geti la wakaguzi. Mwalimu alikubali upesi mno, mpaka mwana akahisi ameingizwa mjini.

Fundi umeme wa mtaani aliitwa. Akavuta swichi, akaisukuma, akachungulia chini ya dashibodi, akatangaza kwamba imekufa na nyingine ya aina ile haipatikani tena. Ushauri wake ulikuwa kukata waya na kufunga swichi ya nyumbani.

"Ile ya ukutani?" Mwalimu akauliza.

"Hiyo hiyo, mama. Nyeupe. Inapendeza."

"Basi uniletee na pazia. Hili ni gari, baba, si sebule."

Fundi hakukasirika. Alimwachia taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye sindano upande mmoja na kibanio upande wa pili, akasema akichoka amwite. Mwalimu akabana kibanio kwenye kichwa hasi cha betri, akashika sindano. Waya unaoingia kwenye swichi: balbu ikawaka. Unaotoka: ikawaka. Akaufuata umeme mpaka mbele, nyuma ya taa zenyewe: ikawaka. Swichi haikuwa na hatia. Taa zikaendelea kuwa ncha za sigara. Akarudia vipimo vyote, kama anavyorudia swali kwa mwanafunzi akitumaini kwamba jibu litaona haya, na jibu halikuona haya.

Siku ya ukaguzi mkaguzi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyewahi kumrudisha kinyumenyume hadi mtaroni. Alivuta swichi, akazitazama taa, akakohoa. Kisha akainama dirishani na kusema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mchana wote huu nani anaona taa? Ngoja nikupitishe, uende zako."

Getini lori lilikuwa limefika, na mwana amesimama kando yake, ameinamisha macho. Mwalimu aliweza kulivumilia lori. Hisani hii ndiyo iliyomshinda.

"Nilipokuwa nakufelisha, nilikuonea?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi na wewe nifelishe, au unisubiri."

Mkaguzi akachagua kusubiri. Mwalimu akafungua boneti. Safari hii, kwa haraka, hakunyoosha mkono mpaka kwenye betri. Alibana kibanio kwenye bolti iliyokuwa karibu, pale waya za taa zinapofungwa kwenye bodi. Akagusa waya ule ule. Giza. Akahamishia kibanio kwenye betri: mwanga. Akarudi kwenye bolti: giza.

Kumbe umeme ulikuwa unafika vizuri. Haukuwa na pa kurudia. Katika gari kama lile hurudi kwenye betri kupitia chuma cha bodi, na taa zote mbili zilitegemea bolti ile. Na bolti ilikuwa ya buluu. Mwezi uliopita Mwalimu alilipeleka gari kupigwa rangi. Mpiga rangi alimsihi akubali sehemu za waya ziachwe bila kupulizwa, akajibiwa kwamba mtu haogi nusu. Basi akafungua waya, akapuliza mpaka chini ya bolti, akazirudisha juu ya rangi, ambayo haipitishi umeme, na kazi ikatoka safi kabisa.

Mwalimu aliazima spana, akafungua bolti, akatoa tupa ya kucha mkobani. Akaikwangua ile buluu, ambayo majirani walikuwa wamekuja kuitazama, mpaka chuma kikang'aa. Akakaza. Mkaguzi akavuta swichi. Ukuta uliokuwa mbele ya gari ukawa mweupe, mchana ule ule.

"Lilikuwa tatizo gani, mwalimu?"

"Mpiga rangi ni hodari mno," alisema, na zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kumsikia akikiri.

Muhuri ukagongwa. Lori likaondoka tupu, likimwacha mwana getini, maana ndilo lililomleta. Alizunguka gari mara moja, akauliza kama mama anaelekea nyumbani. Kiti cha mbele kilikuwa na mkoba, mkoba haukuhamishwa. Mwana akaingia nyuma.

"Mama, mimi nilikuwa naogopa tu."

"Endelea kuogopa, hukatazwi," Mwalimu akasema, akitafuta gia. "Ila huo mlango uubamize. Haujui kubembelezwa."