Upepo wa Ziwa na Pamba ya Mama

Nikinusa pamba kavu, hata ya godoro dukani, naiona mikeka ya nyumbani Buhehe, enzi za wakoloni, mavuno yetu yote yakianikwa juani.

Siku hiyo mawingu meusi yalitupita yakielekea Tororo, na watu wakasema mvua imekwenda zake. Mimi na mama tulikuwa tukichambua pamba, jirani yetu akipiga soga kando yetu. Mara upepo wa baridi, wenye harufu ya matope, ukanigusa shingoni kutoka upande wa ziwa.

"Mama, ziwa linapuliza. Upepo huu ukikutana na yale mawingu, mvua itatushukia hapa."

Jirani akacheka. "Jua lote hili? Utamsikiliza mtoto?"

"Nimemfundisha mwenyewe," mama akajibu, akaanza kukunja mkeka.

Tulibeba pamba kwa vikapu na kwa leso, jirani naye akashika leso upande wa pili. Tulipoingiza mzigo wa mwisho, mvua ya mawe ikaanguka, ikapasua majani ya migomba yote.

Jirani alisimama mlangoni akihema. "Mtoto wa nani huyu?" akauliza, ingawa alinijua tangu kuzaliwa.

"Wangu!" mama akasema, kwa sauti iliyoishinda ile mvua.