Matanga ya Mlevi Aliye Hai

"Mtu huyu akiacha pombe, utajuaje ni kitu gani kilichomwachisha?"

Swali hilo niliulizwa na Mganga Mfawidhi siku yangu ya kwanza kazini Korogwe, kabla sijaonyeshwa hata kiti. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu kuwa afisa ustawi wa jamii, na nilizoea kuuliza maswali, si kuulizwa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Hospitali ya walevi hatukuwa nayo. Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya wodi ya wanaume, kwa ajili ya watu walioharibiwa na gongo na boha, yaani pombe ya miwa. Mlevi wa muda mrefu akikatishwa pombe ghafla hutetemeka, hutoka jasho na kuona vitu visivyokuwapo. Vijana wa leo huita hali hiyo arosto. Siku hizo za mwanzo tulitumia dawa za kutuliza na sindano za vitamini, na hilo halikuwa na mjadala, kwa sababu mtu asipoangaliwa anaweza kufa.

Mjadala ulihusu yaliyofuata. Mwili ukitulia mgonjwa alikwenda kwao, akanywa, akarudi kwetu. Kwa hiyo Mganga Mfawidhi aliruhusu mambo ambayo sasa huitwa tiba saidizi, yanayokwenda pamoja na dawa bila kuchukua nafasi yake. Tuliwafukiza wagonjwa chini ya blanketi kwa chungu cha majani yaliyochemshwa. Tuliwakanda misuli. Tuliwapa ukili wa mikeka wasuke, ili mikono iwe na shughuli. Mimi nilihoji kila kimoja. Jasho lile linatoa pombe, au linatoa maji tu?

"Tungepata mlevi mmoja asiyepewa chochote," nilimwambia, "tumlinganishe na hawa."

"Asipewe chochote?"

"Ndiyo, Bwana Mganga."

"Sawa. Kamtafute, halafu umweleze mama yake."

Athumani, Mzigua, aliletwa na kamati ya kijiji chake, upande wa Handeni. Alikuwa mwendesha pampu ya maji. Akilewa pampu haiwashwi, na kijiji kizima kinarudi kuchota madimbwini. Mkewe, Mama Zaina, Mshambaa wa Vugiri, alikuja siku chache baadaye na kikapu kitupu.

"Dada, nimekuja kumwona, sijaja kumchukua," aliniambia. "Watoto wako Vugiri kwa mama yangu. Akitoka hapa akinywa tena, na mimi napanda mlima. Sishuki."

Tulimfukiza, tukamkanda, akasuka. Afya ilirudi, lakini alikuwa akisema waziwazi kwamba akitoka atakunywa kidogo tu.

Ndipo akaja Mayunga, Mnyamwezi, mkata mkonge wa shamba la jirani. Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, na ukifa huja kwenye matanga yako kuigiza ulivyokuwa ukitembea na kusema. Kumkasirikia ni aibu yako. Mayunga aliingia amejifunga shuka jeupe kichwani.

"Poleni na msiba," alitangaza. "Nimesikia Mzigua wetu amekufa."

"Sijafa, we mbeba mizigo!" Athumani alisema kutoka kitandani.

"Maiti haijibu. Lala."

Akaanza kuigiza. Aliyumba kati ya vitanda, akashika hendeli ya pampu isiyokuwapo, akaikosa, akaitukana, akaanguka, akaiomba radhi. Wagonjwa walicheka. Muuguzi alijifunika uso. Athumani mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akauliza, "Na wanangu? Walilia?"

"Walilia saa ngapi? Pampu imezimika, wamekwenda kuchota maji."

Kicheko kilikatika. Mayunga akaenda kukaa kwenye benchi, akavua lile shuka.

Nilikwenda kulalamika kwa Mganga Mfawidhi. "Hiyo ni tiba gani? Mgonjwa anadhalilishwa."

"Amekwambia amedhalilika?"

"Hapana. Ameuliza kama yule mtu atakuja kesho."

"Basi aje. Ila anayenuka pombe asivuke mlango ule."

Nilimpelekea Mayunga sharti hilo.

"Hata mimi mtani?"

"Hata wewe, mzee."

"Matanga gani haya yasiyo na boha!"

Tangu hapo muuguzi alimnusa pumzi kila alasiri mlangoni, naye aliinama na kupanua mdomo kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani. Alimzika Athumani kila siku kwa namna mpya, mpaka siku ya kuruhusiwa. Mama Zaina alikuja kumchukua, akasema atasubiri mavuno ndipo aamue. Nilipohamishiwa Handeni nilipita kijijini kwao baada ya mavuno. Pampu ilikuwa inanguruma na Zaina alikuwa kwenye foleni ya maji na ndoo yake. Watoto walikuwa wameshuka.

Afisa wa Mkoa alitaka kujua ni tiba ipi kati ya zile isambazwe. Nilimjibu kwamba sijui. Hakufurahi. Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengine wengi baada yake, na jibu langu halikubadilika. Mvuke, mikono ya kukanda, ukili, utani: vyote alivipata mtu mmoja kwa wakati mmoja, na sikuwa na wa kumlinganisha naye. Kwa vijana mnaoanza kazi hii ninasema tu kwamba hospitali isirukwe, na kwamba "sijui" ni neno la kitaalamu.

Nilipokwisha kustaafu, mwanamke mmoja alinisalimia stendi ya Korogwe, "Shikamoo mama," akajitambulisha kuwa binti wa Mayunga. Nilimwuliza habari za baba yake. Alikuwa amefariki.

"Baba alikuwa anakunywa kuliko hata Athumani," alisema. "Aliacha kwanza mchana, ili mumruhusu kuingia. Kisha akaacha kabisa. Hakunywa tena mpaka tunamzika."

Hatukuwahi kumfukiza mtu huyo, wala kumkanda, wala kumpa ukili. Kwenye matanga yake, binti alinieleza, aliyekuja kumwigiza alikuwa Athumani, mzee mwenye mkongojo. Alisimama mlangoni, akainama, akapanua mdomo ili anuswe.