Gharama ya Kumwona Simba

Binti yangu alipoachwa na basi la shule hakulia, na hilo ndilo lililonikasirisha. Mchango wa safari ya kwenda kuona wanyama ulitakiwa wiki ileile ambayo malori yalikuwa hayaingii Isaka. Mimi ni mama ntilie wa madereva wa malori. Wasipokuja, wali wangu unalala. Wenzake wakaenda, yeye akabaki akichambua mchele pamoja nami, ametulia kama mtu mzima aliyezoea kukosa. Alikuwa na miaka kumi. Nikamwambia, "Utamwona simba, na utamwona kwa pesa yangu." Akajibu, "Sawa, mama," kwa sauti ya kuniridhisha tu. Nikajua haniamini.

Nikafunga kibwebwe. Nilianza kukaanga chapati za alfajiri kabla ya wali wa mchana, na kitenge nilichokuwa nakipigia hesabu kikabaki dukani. Mume wangu yuko machimboni upande wa Geita. Nilipomweleza kwenye simu alicheka mpaka akakohoa.

"Watu wanalipa kuona wanyama? Sisi tulikuwa tunawafukuza."

"Cheka," nikamwambia, "lakini tuma." Alituma kidogo, maana shimo lao lilikuwa bado halijatoa kitu.

Kosa nililifanya mwenyewe. Siku chache kabla ya safari nilipita Tinde kumuaga mama mkwe, kwa adabu tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha kwa kidevu watoto wawili wa shemeji yangu anaowalea. "Na hawa?" Kwetu humchukui mtoto mmoja ukampeleka kwenye starehe, ndugu zake wakabaki wanakodoa macho. Ukifanya hivyo utasemwa mpaka misibani. Nikasema hawa nao watakwenda. Kisha akaniuliza, "Na mimi unaniachia nani?" Mwanamke huyu amechunga ng'ombe tangu hajaota meno ya ukubwani, anamjua fisi kwa sauti na kwa nyayo, lakini simba hajawahi kumtia machoni. Ningemwambia nini? Niliingia nyumba ile nikiwa na safari ya watu wawili, nikatoka na ya watu watano.

Siku yenyewe basi lilipowachukua pale Tinde, mama mkwe alipanda na kikapu. Ndani yake kulikuwa na jogoo mwekundu, amefungwa miguu.

"Wa nini huyu, mama?"

"Tunakwenda kwa watu. Utaingiaje kwa watu mikono mitupu?"

Nikamweleza kwamba hifadhi ni ya serikali, haina mwenyeji. Akaniuliza kama serikali haina watu. Abiria wakacheka. Huwezi kubishana na mama mkwe ndani ya basi.

Kisiwa chenye wanyama kiko karibu tu na mji wa Mwanza, unavuka kwa boti. Kwenye lango la upande wa mji alikuwepo askari wa hifadhi, dada mdogo mwenye sare iliyonyooshwa vizuri. Mama mkwe akamsalimia "Mwangaluka," naye akaitikia vizuri. Nikafungua fundo la kitenge nikatoa pesa zangu. Dada akatikisa kichwa. Pesa mkononi hawapokei, unalipa kwa simu kwa namba wanayokupa. Nikapanda barabarani kumtafuta wakala wa kuniwekea pesa kwenye simu, nikarudi jasho likinitiririka.

Nilikuta watu wamesimama wanaangalia. Mama mkwe alikuwa amemnyooshea askari jogoo kwa mikono miwili, na yule dada alikuwa ameificha mikono yake mgongoni.

"Bibi, siwezi kupokea. Mtu akiona atasema umenipa rushwa ili uingie bure."

"Rushwa? Nimeleta salamu, ng'wana wane, mwanangu! Salamu nazo ni rushwa?"

Binti yangu alikuwa pembeni, anaangalia chini, na uso wake ulikuwa uleule wa siku tuliyochambua mchele. Damu ikanichemka.

Basi nikasema tulipe tuingie. Dada akapiga hesabu ya viingilio na boti. Nauli za watoto wale wawili na bibi yao zilikuwa zimeshakula pesa nyingi njiani. Iliyobaki ilitosha watoto watatu na mtu mzima mmoja. Tena kuku haruhusiwi kuvuka.

Mwendesha boti akasema yeye yuko tayari kumnunua jogoo palepale, na bei aliyotaja ingenitosha kuingia. Nikanyoosha mkono kwenye kikapu. Mama mkwe akaweka wake juu ya wangu.

"Zawadi haiuzwi. Imeshatoka nyumbani kwa jina la mtu."

Nilitamani kumnyonga mtu, na simsemi jogoo. Yeye akaketi chini, akanyoosha miguu. "Nenda wewe na watoto. Mimi nitakaa hapa."

Alimaanisha. Lakini ni mkwe gani anayemwacha mama wa mumewe juani langoni, yeye akaenda kutalii? Na nikiri hapa: nilitaka kwenda. Miezi yote ile nikigeuza chapati nilikuwa namwona simba yule moshini, na sijui kama binti yangu alimtaka kuliko mimi. Nilisimama pale nikaumia kwelikweli. Kisha nikainama, nikamshika mama mkwe mkono.

"Inuka, mama. Anayekwenda ni wewe."

Akagoma. Nikamvuta, akagoma. Ndipo binti yangu aliponikaribia na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mama, turudi tu nyumbani. Siyo lazima."

Nilimgeukia kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha tangu nimzae.

"Ni lazima!"

Hata askari alishtuka. Mama mkwe alimwangalia mjukuu wake, akaniangalia mimi, kisha akainuka mwenyewe bila kushikwa. Akajikung'uta mchanga, akanikabidhi kikapu. Nikalipa. Wakavalishwa maboya, wakapanda.

Boti ikaanza kuondoka. Namjua mtoto wangu. Kila anapopata kitu hunitazama kwanza usoni, apime kimenigharimu kiasi gani. Nikajiandaa kutabasamu. Wale wawili wa shemeji walinipungia. Bibi yao alikuwa ameng'ang'ania ukingo kwa mikono yote miwili, anaongea Kisukuma peke yake. Binti yangu alikaa mbele kabisa, shingo ameirefusha kuelekea kisiwani, anamuuliza mwendesha boti swali juu ya swali na kunyoosha kidole huku na kule. Nilimfuata kwa macho mpaka boti ilipozunguka mwamba. Hakugeuka hata mara moja, nami nikalia pale mbele za watu kwa furaha.