Sukari ya Kumwona Mgonjwa

Mdogo wangu aliporudi Kwamsisi kutoka hospitali, mguu wake wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti kwa ugonjwa wa sukari. Daktari alikuwa ametuambia mbele yake kwamba wa kushoto unaweza kubaki, mradi aache sukari, apunguze ugali, ale mboga kwa wingi. Tulimshukuru Mungu. Mguu mmoja na magongo vingemfikisha msikitini.

Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Unabeba sukari, na mwenye uwezo anaongeza soda. Chai inapikwa kwa sukari ile ile, na mgonjwa anakunywa pamoja nawe, maana kumwacha mgeni anywe peke yake ni kama kumfukuza. Haikupita wiki, pembeni ya kitanda pakawa kama duka.

Mke wake akawa anampikia chai yake kando, haina sukari. Siku moja kaka yake huyo mwanamke alionja kile kikombe, akakunja uso.

"Dada, uchoyo huu umeanza lini? Sukari nimeleta mimi, wewe unamnyima mumeo!"

"Si mimi, kaka. Daktari kakataza."

"Daktari yuko Korogwe. Hapa tupo sisi. Shemeji, kunywa bwana, usije ukakonda watu wakasema ukweni hawakujali."

Mdogo wangu akacheka, akanyoosha mkono. "Kimoja tu, mama watoto. Nisimvunjie mgeni heshima."

Na kila mgeni alikuwa na kimoja chake.

Kidonda kilipotokea kwenye kidole cha mguu uliobaki, nilimwomba imamu nizungumze baada ya sala ya Ijumaa. Nilisema mwili ni amana, na kwamba siku hizi mwili hatuufanyishi kazi, hata shambani tunapelekwa na bodaboda. Niliomba mgonjwa wa sukari apelekewe mchicha, mayai, au apaliliwe shamba lake. Wengine waliguna, lakini walikubali. Mwenyekiti alilipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji, na muuguzi wa zahanati akapewa nafasi ya kupima watu sukari na presha siku za gulio. Watu wengi wanapima sasa, wakiwa bado wanatembea. Namshukuru Mungu kwa hao.

Mkutano ule ulikaa baada ya miezi kadhaa. Kidonda hakikuusubiri.

Walipomkata mguu wa pili, shemeji yake alikuja na fungu la mchicha, akakaa mlangoni. Mdogo wangu alimkaribisha ndani kwa jina la utani, kama zamani. Yule mtu mzima akalia.

Adhuhuri ilipoingia, mgonjwa aliniambia, "Kaka, nielekeze kibla. Siwezi kujigeuza."

Nilimshika mabegani, nikamgeuza. Alikuwa mwepesi mno.