Catharina kwa K

Jirani yangu Catharina alizaliwa mwaka mmoja baada ya dada yake kufa maji kwenye mfereji, nyuma ya ghala la vitunguu. Huku kwetu Zeeland jina la marehemu halikai bure. Akapewa yeye, herufi kwa herufi. Kila Jumamosi, tangu utotoni, alisugua kaburi lenye jina lake mwenyewe, na kijiji kizima kiliona ni sawa tu. Mimi niliona ni ukatili, na mpaka leo sijabadili mawazo.

Mama yake, Pieternella, hakuweza kulitamka jina hilo. Binti alikuwa "wewe", au "msichana". Akaolewa na Marinus akiwa bado "wewe".

Catharina alipojifungua binti, Pieternella alituma salamu: mtoto aitwe Catharina. Catharina hakuthubutu kukataa kabisa, lakini alitaka liandikwe Katarina, kwa K.

"Hilo haliko kwenye jiwe lolote," aliniambia.

Marinus alicheka. "Herufi tu hiyo, mke wangu. Kwani kwa K hatajinyea?"

"Wewe nenda kaandikishe nilivyokwambia."

Marinus alikuwa akivaa koti Pieternella alipobisha hodi. Tangu harusi hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Mimi nilikuwa pale napaka siagi biskuti za wageni. Pieternella alikwenda moja kwa moja hadi kitandani kwa binti yake.

"Nasikia unalibadilisha."

"Mtoto ni wangu, mama."

"Ni wako. Sikuja kugombana. Niachie lile lile la zamani, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Kweli hakuwahi. Nilimtazama Catharina usoni nikajua ameshakwisha. Maisha yake yote alikuwa akisubiri mama yake amhitaji, hata kwa jambo dogo.

"Marinus," akasema, "andikisha kwa C. Kama langu."

"Una hakika?"

"Nenda."

Roho iliniuma, lakini nani aliniuliza?

Marinus aliporudi na kusema tayari, Pieternella alimwinua mtoto aliyelala, akamkumbatia huku machozi yakimtoka.

"Catharina," akasema, kwa sauti laini ambayo sikujua kama anayo. "Catharina wangu."

"Abee, mama," akaitika Catharina upesi, akijiinua kwenye mito.

Pieternella hakugeuka.

"Taratibu," akasema. "Utamwamsha."